Kiharusi na picha za ubongo: ipi ipigwe lini, na inajibu nini

Mgonjwa wa kiharusi akishafikishwa hospitali, swali linalozunguka kwenye benchi la nje huwa moja: picha imesemaje? Jibu lategemea ni picha ya aina gani na imepigwa saa ngapi baada ya ugonjwa kuanza. Kuna ya kutafuta damu iliyovuja, kuna ya kutafuta mshipa ulioziba, kuna ya kuonyesha sehemu ya ubongo ambayo bado inaokoleka, na kuna ya kupima njia za neva za mkono na mguu siku za mbele. Picha nzuri iliyopigwa kwa wakati usio wake haisaidii kitu. Nimeona familia zikichangishana pesa za MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ya pili na ya tatu ilhali mgonjwa hajawahi hata kukalishwa kitandani na mtu wa mazoezi ya viungo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: picha hii ikitoka, matibabu yatabadilika vipi? Daktari akiwa na jibu, lipa. Asipokuwa nalo, pesa zina kazi nyingine.

Hatua ya 1: Shika saa kabla ya kushika gari

Uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki au yanatoka ovyo: hicho ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine. Kabla hamjaondoka nyumbani, kubalianeni juu ya jambo moja tu: mara ya mwisho alionekana mzima ilikuwa lini. Si saa mliyomkuta sakafuni. Mzee aliyeamka alfajiri na mkono umekufa ganzi, muda wake unahesabiwa tangu alipolala akiwa mzima, au tangu alipoamka usiku kwenda msalani na mtu akamwona anatembea sawasawa. Hapa Mombasa watu wana alama nzuri za wakati, zitumieni: alisali Isha msikitini na akarudi kwa miguu yake, alifungua duka, aliongea na binti yake kwa simu, na simu yenyewe inaonyesha dakika.

Tahadhari moja hapa. Faili la hospitali huandikwa kwa Kiingereza. Ukimwambia muuguzi “saa tatu usiku” na yeye, kwa haraka zake, akaandika 3, mgonjwa amesogezwa saa sita nzima kwenye karatasi. Mwombe aandike 21:00, kisha uitazame kwa macho yako.

Kwa nini ung'ang'anie hivyo? Kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplase au tenecteplase, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kuvuta donge kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa hufanywa ndani ya saa 6, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha, hadi saa 24. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2006 ilikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Njiani msimpe aspirini, kwa sababu hamjui kama ni damu iliyoganda au iliyovuja. Msimpe maji wala uji. Koo lake huenda limelegea, na kinachoingia mdomoni kikaishia mapafuni. Msimwongezee vidonge vya presha. Kama mna kipima sukari nyumbani, mpimeni, maana sukari ikishuka sana humfanya mtu aonekane kama amepata kiharusi. Na wapo watakaosema amepitiwa na upepo mbaya. Msibishane nao. Kisomo hakikatazwi; kisomwe garini.

Pigeni simu kabla ya kung'oa nanga. Hospitali kubwa nyingi ziko kisiwani: Hospitali Kuu ya Pwani ambayo mji mzima waiita Makadara, Aga Khan, Pandya, Mombasa Hospital. Ulizeni mambo matatu: mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa kwa mionzi, inafanya kazi sasa hivi? Yupo wa kuisoma? Dawa ya kuyeyusha damu ipo? Anayetoka Likoni ana feri ya kuhesabu, wa Kisauni ana Daraja la Nyali, na wote wawili hawana muda wa kupitia kwanza zahanati isiyo na mashine ili wapewe barua ya kwenda kwenye mashine.

Hatua ya 2: CT ya kwanza, bila dawa ya kung'arishia

Hii ndiyo picha ambayo hairukwi. Huchukua dakika chache, na kazi yake kubwa ni kujibu: je, kuna damu nje ya mshipa? Damu mbichi huonekana nyeupe kwenye CT, na hata daktari asiyekuwa bingwa wa picha huiona. Mionzi yake ni takriban milisiveti 2, isiyofika ile anayopata mtu wa kawaida kwa mwaka mzima kutoka ardhini na angani. Katika hali hii mionzi si jambo la kukushughulisha.

Ikiwa damu ipo, uliza iko wapi na ni kiasi gani. Damu ya presha hupenda kukaa katikati, ndani kabisa ya ubongo. Kiasi chake hukadiriwa kwa hesabu rahisi: urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa mbili. Bonge la 5 kwa 4 kwa 3 ni mililita 30 hivi, na kuanzia hapo madaktari huhesabu kwamba hatari imepanda. Kwetu Afrika kiharusi cha kuvuja damu kina sehemu kubwa kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ndiyo mshtakiwa wa kwanza.

Ikiwa damu haipo, sikiliza kwa makini namna unavyoambiwa. “Picha ni safi” haimaanishi hana kiharusi. Mshipa ulioziba saa mbili zilizopita waweza usionyeshe chochote kwenye CT ya kawaida. Ubongo uliokosa damu huchukua saa kadhaa kuanza kuwa mweusi. Kuna familia zilizomrudisha mgonjwa nyumbani kwa furaha ya picha safi, huku mkono bado umening'inia. Mkono ndio wenye habari. Daktari mzoefu hutafuta dalili ndogo: mshipa wa kati wa ubongo kuonekana mweupe kupita kiasi kwa sababu ya donge lililomo, au mpaka kati ya ngozi ya ubongo na sehemu ya ndani kufifia. Kuna kipimo kiitwacho ASPECTS, kilichotoka Alberta, Kanada, mwaka 2000, kinachogawa eneo la mshipa huo sehemu 10 na kuondoa alama moja kwa kila sehemu iliyoathirika. Ripoti yako ikitaja ASPECTS 9, sehemu moja tu imeguswa. Ikitaja 3, eneo kubwa limeshakwenda.

Hatua ya 3: Mishipa yenyewe, na sehemu inayookoleka

Hapa ndipo tunaingia kwenye picha za kisasa zaidi. Mgonjwa akiwa bado juu ya meza ileile ya CT, dawa ya kung'arishia, yenye ayodini, hudungwa mkononi na mashine hufuata mishipa kuanzia kifuani, kupitia shingoni, hadi kichwani. Hii huonyesha donge liko wapi hasa. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba atahisi joto mwilini na huenda akadhani amejikojolea, hajajikojolea. Wengi wetu Pwani tuna ndugu anayevimba midomo akila kamba, na huuliza kama dawa hii itamdhuru. Mzio wa kamba na kaa si mzio wa ayodini. Mtaje, lakini usimnyime picha kwa sababu hiyo. Cha kutaja zaidi ni ugonjwa wa figo, kama ametumia metformin kwa sukari, na kama aliwahi kudhurika kwa dawa hiyohiyo ya picha. Mbele ya mshipa mkubwa ulioziba, daktari anaweza kuamua kutosubiri kipimo cha figo, na mara nyingi ana haki.

Picha inayofuata ni ya mtiririko wa damu. Mashine hupiga tena na tena mahali palepale huku dawa ikipita, kisha kompyuta hutoa ramani ya rangi. Fikiria shamba ambalo mfereji wake mkuu umezibwa: mimea ya karibu na kizuizi imeshakauka, ya pembezoni imenyauka lakini inapata unyevu wa mifereji midogo ya jirani. Iliyokauka ni kiini. Iliyonyauka ndiyo inayopiganiwa. Kwa vipimo vinavyotumika sana, kiini ni mahali ambapo damu imeshuka chini ya asilimia 30 ya upande mzima, na eneo lililo hatarini ni lile ambalo damu huchelewa kufika kwa zaidi ya sekunde 6. Kiini kikiwa kidogo na eneo la hatari likiwa kubwa, kuna cha kuokoa. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2018, DAWN na DEFUSE 3, ndizo zilizoonyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo hufaidika kuvutwa donge hata baada ya saa 6, DAWN hadi saa 24 na DEFUSE 3 hadi 16.

Rangi za ramani hizo zinadanganya. Nyekundu si damu. Mgonjwa akitikisa kichwa, au moyo wake ukiwa dhaifu na damu ikachelewa kufika kichwa kizima, ramani hutoka ya kutisha bila sababu. Isisomwe peke yake.

Na sasa lile swali la mwanzo. Kama hospitali haina dawa ya kuyeyusha, haina wa kuvuta donge, na hakuna pa kumhamishia kwa wakati, ramani ya mtiririko wa damu itabadilisha nini? Kwa maoni yangu, hapo CT ya kawaida inatosha. Kinachobaki kina nguvu kuliko watu wanavyodhani: kitanda chenye wauguzi wanaojua kiharusi, kupimwa kama anaweza kumeza, presha na sukari kuangaliwa, na aspirini kwa wakati wake.

Hatua ya 4: MRI, na maswali ya mlangoni

MRI haitumii mionzi, hutumia sumaku. Ubora wake ni kwamba huona mshipa ulioziba mapema sana. Kwenye ripoti utakutana na herufi hizi, kila moja ikiwa ni namna ya picha ndani ya MRI ileile.

DWI huonyesha mahali ambapo maji ndani ya seli yamekwama, jambo linaloanza dakika chache baada ya damu kukatika. Sehemu ikiwa nyeupe kwenye DWI na nyeusi kwenye ADC, ramani inayotolewa kutoka DWI hiyohiyo, kiharusi ni kipya. Kwenye DWI peke yake weupe hudumu wiki mbili hivi, kwa hiyo usiutumie kuhesabu siku bila ADC. FLAIR huchelewa saa kadhaa kuonyesha kitu. Basi, DWI nyeupe na FLAIR bado tulivu ina maana kiharusi huenda hakijafika saa 4 na nusu. Hiyo ndiyo njia ya kumsaidia aliyeamka amepooza na hakuna ajuaye saa; utafiti wa WAKE-UP wa mwaka 2018 uliwapa alteplase wagonjwa kama hao kwa kutegemea tofauti hiyo, na wakapona vizuri zaidi ya wasiopewa, ingawa hatari ya kuvuja damu ilikuwepo. SWI hutafuta mabaki ya damu, hata ya miaka iliyopita.

Hii ya mwisho ina kazi kubwa kwetu kwa sababu wagonjwa wengi hufika wamechelewa. Anayeletwa baada ya wiki tatu, CT yaweza kushindwa kusema kama ilikuwa kuziba au kuvuja, maana damu ya zamani hupoteza weupe wake. SWI bado itaiona. Lakini MRI nayo haiko juu ya makosa: kiharusi kidogo cha shina la ubongo, chenye kizunguzungu na kutapika, kinaweza kuikwepa DWI siku ya kwanza.

Mlangoni kwenye chumba cha sumaku utaulizwa maswali, na ikiwa mgonjwa hawezi kusema, wewe ndiwe ulimi wake. Ana betri ya moyo? Aliwekewa klipu kichwani? Aliwahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma? Swali la fundi wa kuchomelea si la kupoteza wakati: chembe ya chuma iliyokaa jichoni miaka ishirini inaweza kusogea ndani ya sumaku na kulichana jicho.

Kisha pini.

“Mama, mtandio una pini?”
“Hauna, mwanangu.”

Na kweli mtandio hauna. Ziko kwenye kofia ya ndani, mbili nyuma ya masikio, na moja imeshika buibui begani. Mpitishieni mkono kabla hajaingia, au mmvalishe shuka la pamba lililofungwa bila pini. Anayetaka kuhudumiwa na mwanamke aseme mapema. Hirizi yenye kifuko cha chuma au bati ivuliwe na ishikwe na ndugu. Meno ya bandia, hereni, bangili, funguo, simu: vyote nje. Sumaku haizimwi eti kwa sababu hakuna picha inayopigwa. Inavuta usiku na mchana, na mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa humo unaruka.

Ndani ni dakika 20 hadi 40 za kelele, kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima. Asiyeweza kulala chali bila kupaliwa na mate asilazimishwe kwanza.

Hatua ya 5: Toka na CD

Ombeni picha zote kwenye CD pamoja na ripoti iliyoandikwa. Picha ya simu ya kipande kimoja cha filamu, ikitumwa WhatsApp kwa mjomba aliye Muscat anayemjua daktari, si kipimo. CT moja ina vipande kwa makumi, na kiharusi kiko kwenye vile ambavyo hukupiga.

Hatua ya 6: Kurudia, wiki tatu za kwanza

Picha ya kurudia ina sababu tatu za wazi. Aliyepewa alteplase hupigwa CT baada ya saa 24, kabla ya kuanzishiwa aspirini. Aliyezidiwa ghafla, aliyeanza kusinzia au kuumwa kichwa vibaya, hupigwa mara moja, kwa kuwa uvimbe wa ubongo huwa mkali kati ya siku ya pili na ya tano, na eneo lililokufa linaweza kuanza kuvuja damu. Aliyetokwa na damu hurudiwa kuona kama bonge linakua.

Nje ya hayo, subirini. Hasa msipige CT ya kujifurahisha wiki ya pili au ya tatu. Kipindi hicho eneo lililokufa hupitia hali ambayo rangi yake hufanana na ubongo mzima, na ripoti yaweza kutoka karibu safi. Wiki chache baadaye weusi unarudi, umekolea zaidi, na familia inadhani amepata kiharusi kingine.

Hatua ya 7: Atapona kiasi gani?

Wengi hutaka picha ijibu hili. Ipo MRI ya kufuatilia nyuzi za neva, DTI, inayochora njia itokayo kwenye ngozi ya ubongo kushuka hadi uti wa mgongo. Njia hiyo ikiwa imekatika kabisa upande mmoja, mkono una safari ngumu. Ipo pia MRI ya utendaji, inayoonyesha sehemu zipi za ubongo zinafanya kazi mgonjwa anapojaribu kukunja vidole. Mwanzoni pande zote mbili huwaka. Kwa wanaopona vizuri, kazi aghalabu hurudi upande ulioumia. Ni elimu tamu, na inasaidia sana watafiti.

Lakini tazama kilichotokea New Zealand. Watafiti wa Auckland walitunga utaratibu wa kutabiri mkono, na toleo lao la kwanza lilitumia MRI kwa baadhi ya wagonjwa. Walipolipima upya, wakachapisha toleo la pili mwaka 2017, na MRI ilikuwa imetolewa. Kilichobaki mwanzoni mwa utaratibu ni kipimo cha kitandani unachoweza kukiona kwa macho. Siku ya tatu, yaani saa 72 baada ya kiharusi, mtaalamu humwambia mgonjwa ainue mkono kwa pembeni kutoka begani, kisha anyooshe vidole. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 5: sifuri hakuna hata kutikisika, tano nguvu kamili. Jumla ikifika 5 na mgonjwa hajafika miaka 80, mkono unatarajiwa kurudi vizuri sana ndani ya miezi mitatu. Isipofika 5, hupimwa kwa sumaku ndogo inayogusishwa kichwani kuona kama ishara inafika mkononi. Ikifika, matumaini bado ni mazuri.

Basi siku ya tatu, kabla ya kuulizia DTI, mwulize mtu wa fiziotherapia: alama za bega na vidole ni ngapi? Aziandike kwenye faili.

Jambo la pili la kuelewa mapema: ubongo uliokufa hauoti tena. Mahali pale pataliwa na kubaki tundu lenye maji, na picha ya mwaka ujao italionyesha vilevile hata kama mzee anatembea mwenyewe hadi baraza la kahawa. Kupona hutokea kwa sehemu nyingine kujifunza kazi, na kujifunza kunataka kurudiarudia, hasa miezi mitatu ya kwanza. Pesa ya MRI ya “kuona maendeleo” hulipia vikao vingi vya mazoezi ya viungo na ya kusema. Maendeleo yapimwe kwa mwendo, kwa kikombe anachoshika, kwa sentensi anayoimaliza.

Hatua ya 8: Chanzo, na lini kurudi kwenye mashine

Aliyezibwa mshipa apimwe kilichomziba: Doppler ya mishipa ya shingo, yaani picha ya mawimbi ya sauti inayopima mwendo wa damu; ECG, kipimo cha umeme wa moyo cha kutafuta mapigo yasiyo na mpangilio; na eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Hizi hubadilisha dawa, kwa hiyo zinastahili. Watoto wenye selimundu, na Pwani tunao wengi, wana picha yao: Doppler inayopitishwa juu ya fupa la panja, kando ya kichwa, haina maumivu wala mionzi. Kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi na daktari atazungumzia kuongezewa damu ili kukizuia.

Baada ya hapo, mrudisheni kupigwa picha akipata udhaifu mpya, akianza kifafa, akianguka na kugonga kichwa huku akitumia dawa za kuzuia damu kuganda, au akili ikianza kuporomoka haraka. Bebeni ile CD ya kwanza. Bila hiyo, anayesoma picha ya usiku ule hana namna rahisi ya kujua kama tundu analoliona ni la mwaka jana au la leo, na CT ya kawaida haitamwambia kila mara.